Jamii ya Viumbe Wasiotambuana

Mtu atakaye kuchunguza jamii ya wanadamu kwa majaribio hukabiliwa na vizuizi viwili ambavyo hapana werevu uwezao kuviondoa: hana ruhusa ya kuwatia watu katika njaa, upweke au hofu ili aone watafanya nini, na hata lau angaliipata ruhusa hiyo, asingaliweza kuirudisha nyuma historia yao ikaanza upya pale pale ilipoanzia. Ndiyo sababu elimu ya jamii, tofauti na kemia, imelazimika tangu zamani kutazama, kuhesabu na kulinganisha mambo ambayo yamekwisha kutokea. Viumbe wa kubuni waishio ndani ya kompyuta huviondoa vizuizi vyote viwili kwa mkupuo mmoja. Na miongoni mwao, wanaomfaa zaidi mchunguzi asiye na maabara wala mshahara ni wale waitwao Norn, wenyeji wa mchezo wa Creatures.

Mchezo huu ulitoka Uingereza mwishoni mwa mwaka 1996, ukiwa ni kazi ya Steve Grand na wenzake wa Cambridge, miaka tisa baada ya Christopher Langton kuwakusanya wataalamu Los Alamos, Marekani, katika mkutano ulioizindua taaluma ya uhai bandia. Mwaka ule ule wa 1996 Wajapani walitoa Tamagotchi, kidude cha mfukoni chenye kifaranga kinacholia kikiachwa bila chakula. Walakini kifaranga kile, kikichunguzwa kwa makini, ni hesabu chache tu zipungukazo kadiri saa ziendavyo, ilhali Norn amepewa kitu kinachostahili kuitwa mwili. Ubongo wake una neuroni 952 zilizogawanywa katika sehemu tisa, na 640 kati ya hizo ni za sehemu moja, yenye kazi ya kufungamanisha yale ayaonayo na yale ayahisiyo. Damuni mwake huzunguka kemikali za kubuni, kila moja ikiwa na muda wake wa kufifia: iko ya njaa, iko ya maumivu, ziko za baridi, joto, uchovu, usingizi, hofu, hasira na ashiki, na ziko mbili ambazo mchunguzi wa jamii hana budi kuzitia alama tangu mwanzo, nazo ni ile ya upweke na ile ya adha ya msongamano.

Na tumtazame Norn mchanga aliyesimama mbele ya chungu cha asali. Njaa imempanda, na nadhari yake imekaza katika chakula. Katika matendo yaliyo ndani ya uwezo wake, ya kusukuma, kuvuta, kusogea, kukimbia, kuokota, kulala na mengineyo machache, huchagua moja, pengine kwa bahati tu, akala. Chakula humwaga damuni kemikali ya kuipunguza njaa; kemikali hiyo na ile ya njaa zikikutana huzaa ya tatu, ambayo ni ya thawabu, nayo hupanda ubongoni ikaiimarisha miunganiko iliyotumika punde hivi, na kuiacha mingine kama ilivyo. Siku nyingine akipatwa na njaa mbele ya chakula, mizani ya uamuzi itaelemea upande ule ule. Mkono wa mchezaji, uonekanao katika kioo, ukimpapasa humtilia thawabu, na ukimpiga kofi humtilia adhabu, kwa njia hiyo hiyo ya kemikali. Baadhi ya mielekeo yake huzaliwa nayo, kwa kuwa jeni zake zina silika zinazofundishwa ubongo wakati wa kuota ndoto. Iliyobaki huichuma mwenyewe katika kuishi. Jeni hizo hurithiwa kwa baba na mama, zikachanganywa, na mara kwa mara hukosewa katika kunakiliwa, hata mtoto akazipata nyingine maradufu au akazikosa kabisa.

Jambo la kuzingatiwa ni kwamba katika yote haya hapana amri hata moja inayohusu jamii. Hakuna sheria isemayo Norn wajikusanye makundi, wala isemayo watawanyike. Kuna upweke usukumao huku na msongamano usukumao kule, na matokeo yake huonekana katika wengi, si katika mmoja. Thomas Schelling, mwanauchumi wa Marekani, alikwisha kuonyesha mwaka 1971 kwamba mitaa iliyotengana kabisa huweza kuzuka kwa watu wasiotaka utengano mkubwa, ila kila mmoja tu asiyependa kuwa mchache kupita kiasi mahali akaapo. Umbo la jamii, basi, halisomeki moja kwa moja katika nia ya mtu mmoja, na hiyo ndiyo faida ya kuwatazama viumbe ambao nia zao zote twaweza kuzisoma kemikali kwa kemikali.

Walakini kabla hajaangua yai la kwanza, mchunguzi yampasa kuuliza swali ambalo aghalabu husahauliwa: je, kiumbe huyu ana uwezo wa kumtambua nani? Jibu limo katika ile sehemu ya ubongo inayoamua nadhari ielekee wapi. Sehemu hiyo ina neuroni 40, na kila neuroni husimamia aina ya vitu, wala si kitu kimoja: chakula kina yake, vichezeo vina yake, Grendel, yule kiumbe mkorofi aletaye maradhi, ana yake, na Norn wote, awe mama, jirani au mgeni, wamo katika moja. Ni kweli kwamba hisia nyingine humjulisha kuwa huyu aliye mbele yake ni mzazi wake, au mwanawe, au nduguye, au ni wa jinsia ya pili; lakini kati ya ndugu watatu hana njia ya kujua ni yupi aliyemchokoza jana. Anaujua udugu, hamjui ndugu.

Matokeo yake ni makubwa kuliko yadhaniwavyo. Norn akipigwa na mwenzake karibu na lifti, kinachodhoofika ubongoni mwake si imani aliyokuwa nayo kwa fulani bin fulani, ni hamu ya kumkaribia Norn yeyote yule. Na jirani mpole atakayepita hapo baada ya dakika moja atakimbiwa kwa kosa asilolitenda. Kadhalika akitendewa wema, faida yake huwaendea wote. Robert Axelrod, katika kitabu alichokitoa mwaka 1984 juu ya kuzuka kwa ushirikiano, alieleza mashindano ya programu za kompyuta ambamo mshindi alikuwa ile ya Anatol Rapoport, iliyoanza kwa wema na baadaye ikamtendea kila mshindani kama alivyoitendea mara iliyopita. Naye Axelrod akasisitiza kwamba ushirikiano wa namna hiyo hausimami ila mtu awe na uwezo wa kumtambua aliyekutana naye zamani na kuyakumbuka yaliyopita baina yao. Sharti hilo Norn hana. Mtu asitazamie, kwa hiyo, kuona deni, kisasi wala urafiki katika jamii yao. Linaloweza kuwako ni imani ya jumla au hofu ya jumla.

Kutokana na hayo huzuka jaribio lenye swali la haki, yaani swali ambalo jibu lake halijulikani kabla: je, hofu ya jumla iliyofundishwa wazee yaweza kuwafikia wajukuu, ikiwa yale yaliyochumwa katika maisha hayaandikwi katika jeni? Njia pekee iliyobaki wazi ni mwenendo. Mzee mwenye hofu huwakimbia watoto, mtoto anayekimbiwa hukosa papaso litakalomfundisha kukaribia, na huenda naye akakua mkimbizi. Au huenda upweke ukapanda damuni mwake hata ukaishinda hofu, na kizazi cha pili kikasahau kila kitu.

Kuandaa jaribio hili hakuhitaji mali, kunahitaji adabu. Dunia mbili na zianze na mayai yenye jeni zile zile. Katika ya kwanza, waanzilishi walelewe kwa papaso kila wanapomsogelea Norn mwenzao. Katika ya pili, kwa kofi katika tendo lile lile. Na iwekwe ya tatu ambayo mkono haukugusa kitu, maana bila hiyo haitajulikana ni lipi kati ya papaso na kofi lililoleta tofauti. Waanzilishi wakishabalehe, mkono uondoke kabisa. Wapenzi wa mchezo huu wana desturi ya siku nyingi ya kuiacha dunia ijiendee bila kulisha, kuponya wala kuozesha, na ni desturi yenye manufaa ya kisayansi kuliko inavyoonekana. Kila dunia inakiliwe na kuendeshwa tena mara kadhaa tangu nukta ile ile ya kuondoka mkono, kwa sababu bahati ina sehemu yake katika kila tendo, na dunia moja iliyostawi haithibitishi kitu zaidi ya kwamba jambo hilo lawezekana. Mambo ya kuhesabiwa yaandikwe kabla ya kuanza: mara ngapi Norn walikaribiana katika muda uliowekwa, mapigo mangapi, mayai mangapi, na kila mmoja alikufa akiwa na umri gani. Siku ya kukoma nayo ipangwe mapema, mtu asije akakoma pale matokeo yanapompendeza.

Hata hivyo mwili wenyewe waweza kumdanganya mchunguzi. Katika Creatures 2, iliyotoka mwaka 1998, wachezaji waliona kwamba Norn wao walipumbaa baada ya kiasi cha saa moja, wakakaa na njaa mbele ya chakula. Mtu mwepesi wa kuhukumu angalisema kwamba jamii imevunjika kwa kukosa malezi, kumbe kasoro ilikuwa katika maumbile ya ubongo, na dawa yake ilipatikana kwa wachezaji wenyewe, walioziandika jeni upya. Vivyo hivyo kosa la kunakili laweza kuiharibu jeni ya uzee akazaliwa Norn asiyekufa, naye akazijaza hesabu za vizazi kwa vizazi. Basi kila baada ya muda jeni zikaguliwe, ili mabadiliko ya nasaba yasije yakahesabiwa kuwa mabadiliko ya desturi.

Mdanganyifu mkubwa zaidi ni jicho la mtazamaji. Mwaka 1944 Fritz Heider na Marianne Simmel waliwaonyesha wanafunzi filamu fupi ambamo pembetatu mbili na duara moja huzunguka-zunguka karibu na mstatili, kisha wakawataka waeleze walichokiona. Kati ya wanafunzi 34, mmoja tu alieleza maumbo, na waliobaki walisimulia vitisho, mapigano na mapenzi. Ikiwa pembetatu isiyo na uso yaweza kudhaniwa kuwa jambazi, seuze Norn mwenye macho makubwa, anayeinama akijongelea mwenzake na kutamka maneno aliyofundishwa! Mchunguzi atamwona mjane akiomboleza, na ukweli ni kwamba kemikali ya upweke imepanda. Kwa sababu hii tendo liandikwe kwa jina la tendo, amesogea, amerudi nyuma, amepiga, na maelezo ya nia yangoje hesabu zikamilike.

Huruma nayo ina haki yake katika mazungumzo haya. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mchezaji mmoja alipotangaza kwamba anawalea Norn kwa mapigo, akawatoa walioharibika wachukuliwe na wengine, wapenzi wa mchezo waligawanyika: wako walioghadhibika, na wako waliouliza ni nani aliyeumizwa, maadamu maumivu yenyewe ni tarakimu. Neuroni 952 ni chache mno kuliko za nzi, na sioni hoja ya kumhesabu Norn miongoni mwa wenye kuteseka. Lakini jaribio la kofi halina udhuru ila lina swali, na asiye na swali anayapiga kofi maumbo ya wanyama kwa sababu tu ya kupenda kupiga. Tena huruma isiyozuilika huharibu jaribio kama ukatili uharibuvyo, kwa kuwa mkono unaorudi kwa siri kumlisha mtoto mmoja aliyedhoofika huwa umekwisha kubadili uzazi wa dunia nzima.

Na matokeo yakipatikana, yatatufundisha nini juu yetu wenyewe? Hayatatufundisha kwamba wanadamu wako hivi au vile, kwa maana sisi twamjua mtu kwa uso, sauti na jina, na uadui wetu wa nyumba moja hauwi lazima kuwa uadui wa mji. Thamani yake iko katika kutoa. Mara nyingi twaeleza kudumu kwa jamii fulani katika hofu au katika ukarimu kwa kusema kwamba watu wake wanakumbuka nani aliwatenda nini. Endapo Norn, wasioweza kumkumbuka yeyote, wataonekana wakirithishana hofu au ukarimu vizazi vitatu au vinne baada ya mkono kuondoka, itakuwa bayana kwamba kumbukumbu ya watu si sharti la lazima la jambo hilo, na wanaoitumia kama maelezo watawajibika kuleta ushahidi zaidi ya kuitaja. Na endapo hofu itatoweka katika kizazi cha pili, kila mara na katika kila nakala, basi dhana ya kumbukumbu itakuwa imepata nguvu ambayo haikuwa nayo. Jaribio linalotoa faida kwa majibu yote mawili linastahili kuanzwa, hata kama wahusika wake ni wanyama wa mchezo.