Kuuliza Nimezoea, Kuulizwa Nilitetemeka

Kazi yangu kwa zaidi ya miaka 30 ni kuuliza. Nimewaketisha manahodha, wapiga zumari, wachonga milango na waimbaji, nikawauliza wamezaliwa wapi, walianzaje, na nani aliwakataza. Zamani nilimwendea bibi mmoja wa lelemama, mtaa wa Kuze, akanitazama sana kisha akaniambia: "Mwanangu, wewe waniuliza yangu, yako umemwambia nani?" Nikacheka, nikafunua ukurasa mwingine wa daftari.

Mwaka jana deni lile lilidaiwa. Vijana wapenzi wa fasihi waliniandikia barua ya adabu, wakanialika katika ukumbi mmoja wa hapa Mombasa, si kusoma mashairi, bali kuzungumza juu ya maisha yangu mwenyewe. Muda: dakika 40. Dakika arubaini za "mimi, mimi"! Sisi tuliolelewa Mji wa Kale tumefunzwa kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Anayesimama kujieleza, na hasa akiwa mwanamke, hutazamwa kama mchuuzi anayewasifu samaki wa jana.

Wiki nzima sikulala vyema. Kusoma shairi hakunitishi hata kidogo, kwani shairi ni buibui: mizani na vina hukusitiri. Ukisema "nalia", msomaji hajui ni wewe uliaye au ni ushairi tu. Mtunzi huanza kwa jina la Mungu, akataja jina lake tamatini, na mara nyingi ni lakabu, kisha huyo akenda zake. Lakini kusimama na ulimi mtupu, bila kina cha kukushika mkono, ukasema "huyu ni mimi, na huyu ni baba yangu", ni jambo jingine.

Nikawafikiria walionitangulia. Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alijieleza katika utendi wake wa mwaka 1858, akamtaja na mumewe. Lakini alimsemesha nani? Binti yake, Mwana Hashima, ndani ya nyumba. Mwaka 1934 utendi ule ukatolewa kitabu, na mawaidha ya mama kwa mwana yakasomwa na watu ambao mama yule hakuwaota. Siti binti Saad naye alisafiri hadi Bombay mwaka 1928 kutiwa sauti yake katika sahani za santuri, na Afrika ya Mashariki nzima ikamsikia. Hata hivyo wasifu wake uliandikwa na mwingine, marehemu Shaaban Robert, ambaye habari zake mwenyewe aliziandika kwa mkono wake katika "Maisha Yangu". Simlaumu, laiti asingeandika tungepungukiwa na mengi. Ila nilijiuliza ingekuwaje Siti mwenyewe angepewa dakika zangu arubaini.

Wapo watakaosema hii ni haya ya kike tu. La hasha. Chuoni tulihifadhi Suratu Taha, na mle mna dua ya Nabii Musa alipotumwa kwa Firauni: akaomba akunjuliwe kifua, afunguliwe fundo la ulimi wake, na apewe nduguye Haruni awe msaidizi. Mtume mzima, tena mwenye fimbo, aliomba mtu wa kusimama naye. Mimi Haruni wangu alikuwa mama, mwenye umri wa miaka themanini na kitu, aliyeshikilia kuja na akaketi safu ya mbele, mkoba mapajani.

Jina langu likatajwa. Viganja vikaloa, koo likakauka kama kifuu. Madaktari hueleza kuwa mwili wenye hofu hujitayarisha kukimbia: moyo huenda mbio, damu huelekea kwenye misuli, mate hupungua. Mimi nilikuwa na misuli ya kukimbilia Likoni, ila mate ya kusema sikuwa nayo. Shoga yangu alinipa hiliki niimumunye. Ikanifaa kwa jambo moja tu, kunitia kitembe.

Nilianza na tarehe na mitaa, mambo yasiyouma. Kisha kijana mmoja wa kike akauliza kwa nini mashairi yangu ya mwanzo yalitoka kwa lakabu ya kiume. Hapo ndipo nilipokuwa nimepaogopa wiki nzima. Nikaeleza.

Mwaka 1986, nikiwa na umri wa miaka 16, nilituma shairi kwenye kipindi cha mashairi redioni. Kwetu sauti ya msichana haikutakiwa kuvuka mlango, na ami zangu walikuwa wakali zaidi ya baba. Usiku liliposomwa tulikuwa sote barazani ndani. Baba akasikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa, akasema: "Bwana huyu anajua." Sikufungua kinywa. Baba alifariki miaka mingi baadaye, nami nikauambia ukumbi, sauti ikinikatika, kwamba alikwenda bila kujua kuwa bwana yule ni mwanawe. Watu walifuta macho. Nilipigiwa makofi mengi, na nakiri niliyafurahia.

Ndani ya tuktuki, tukirudi, mama alinyamaza mpaka tukapita Makadara.

"Umenena vyema," akasema, "lakini babako umemzulia."

"Nimemzulia nini, mama?"

"Alijua. Ile bahasha ulimpa nani akaitie posta?"

Nilimpa ndugu yangu mdogo.

"Na mtoto yule senti za stempu alizitoa wapi? Babako aliijua hati yako. Stempu kaibandika kwa ulimi wake mwenyewe."

"Sasa mbona akasema 'bwana huyu'?"

"Ami zako si walikuwapo? Angekiri kuwa ajua, ingembidi akukataze. Alikuwa akikutazama wewe. Ulikuwa wachambua mchele, ukaumwaga."

Mchele nilikuwa nimeusahau kabisa. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia miaka yote hii.

"Nawe hukumwambia yeye," akajibu. "Nikadhani ndivyo mlivyopatana."

Basi nilichokiogopa wiki nzima ni kutetemeka mbele ya watu. Kukosea habari za nyumbani kwetu wenyewe hakukunijia akilini, mimi niliyezoea kuwasahihisha wengine miaka yao na majina ya shangazi zao.

Gazetini tukikosea jina la mtu, kesho yake husahihisha. Ukumbini hakuna kesho yake; viti vimeshapangwa, watu wametawanyika na hadithi yangu mifukoni, na wengine bila shaka wameshaisimulia majumbani mwao. Kwa hivyo nimeomba nafasi hii. Waliokuwapo siku ile, tafadhalini, ile sehemu ya baba ifuteni: alijua, na alilipia.

Makala haya nimemsomea mama kabla ya kuyapeleka kwa mhariri. Amesema yako sawa, ila stempu zilikuwa mbili.