Gari la Nairobi, Kodi ya Namanga

Kila msimu wa mauzo mazuri ya mazao, Arusha, Moshi na Tarime hurudi wazo lile lile: kwa nini kuagiza gari Japani na kulisubiri wiki kadhaa baharini, wakati ng'ambo ya mpaka kuna yadi zimejaa, gari unalishika kwa mkono, unaliwasha, unaondoka nalo? Tangazo la simu linaonyesha Toyota ya injini ya cc 1,500, safi, mwenye nalo anahama na anataka pesa haraka. Ukibadilisha shilingi za Kenya kuwa za Tanzania, bei inaonekana iko chini ya ile ya yadi za nyumbani. Hoja yangu ni kwamba nafuu hiyo, kwa gari la abiria lililokwisha tumika, karibu kila mara huishia mpakani, na anayebaki na hasara ni mnunuzi, kwa sababu analipa kodi ya nchi mbili juu ya chuma kimoja.

Tuanze na sheria, maana ndiyo inayowachanganya wengi. Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulianza kazi Januari 2005, na watu wakaelewa kwamba kitu kikitoka Kenya kuja Tanzania hakilipiwi ushuru. Hilo ni kweli kwa bidhaa zenye uasili wa Afrika Mashariki: maharage yaliyovunwa Loitokitok, sabuni iliyotengenezwa Nairobi kwa kutimiza kiwango cha thamani kilichowekwa na kanuni za uasili. Gari lililoundwa Japani na kuteremshwa Mombasa haliwi la Kenya kwa kupewa namba za Kenya, hata likikaa huko miaka kumi na kubadilisha wenyewe mara nne. Forodha haiulizi limetoka wapi juzi. Inauliza limetengenezwa wapi. Kwa hiyo halipati cheti cha uasili wa bidhaa. Wala haliwezi kupita kwa ule utaratibu rahisi wa wafanyabiashara wadogo wenye mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, ingawa wapo madalali wanaouahidi, kwani nao ni kwa bidhaa zenye uasili huo huo. Pale mpakani Namanga gari hilo linapokewa kana kwamba limeshuka melini leo.

Sasa tazama hesabu yenyewe. Tuseme afisa amekubali thamani ya shilingi milioni 10, na gari limetengenezwa miaka 12 iliyopita. Kwa viwango vya Tanzania vya miaka ya karibuni, ushuru wa forodha ni asilimia 25, yaani 2,500,000. Jumla inafika 12,500,000. Juu ya jumla hiyo, si juu ya ile milioni 10, unawekwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 5 kwa injini ya kati ya cc 1,001 na 2,000, ambao ni 625,000. Kisha linakuja pigo lenyewe, ushuru wa uchakavu. Gari lisilo la kazi, yaani si lori wala pikapu, lililopita miaka 10 tangu kutengenezwa hutozwa asilimia 30 zaidi, yaani 3,750,000. Tumefika 16,875,000, na hapo ndipo VAT ya asilimia 18 inapowekwa juu ya vyote, 3,037,500. Gari la milioni 10 limegeuka kuwa la shilingi 19,912,500, kabla hujagusa tozo ya reli, ada ya wakala wa forodha, usajili na bima. Gari kama hilo hilo, la thamani hiyo hiyo lakini lenye umri wa miaka 7, lingeishia 15,487,500. Tofauti ya zaidi ya milioni 4.4 imetokana na umri peke yake.

Umri ndio unaoliponza gari la Kenya. Kenya haipokei gari lililotumika lenye zaidi ya miaka 8, kwa mujibu wa kiwango chake cha KS 1515. Wanunuzi wengi huko huagiza gari likiwa limekaribia ukomo huo kwa sababu ndipo linapokuwa rahisi Japani. Wanalitumia miaka minne au mitano, kisha wanaliuza. Piga hesabu: linapoingia kwenye tangazo lililokuvutia, limeshavuka miaka 10 au liko ukingoni. Hiyo bei iliyoshuka ni bei ya gari kuukuu katika soko la Kenya, na ukuukuu huo huo ndio sheria ya Tanzania inaoutoza kwa nguvu kuliko kitu kingine chochote. Linaloonekana nafuu Nairobi kwa sababu ya umri ndilo linalokuwa ghali Namanga kwa sababu ya umri. Na usitegemee kwamba nchi hizi mbili zinahesabu miaka kwa namna moja. Kenya huhesabu tangu mwaka gari liliposajiliwa kwa mara ya kwanza, Tanzania tangu mwaka lilipotengenezwa, hivyo gari linaweza kuvuka mpaka na kuzeeka mwaka mzima katika hatua chache.

Mpaka hapo nimezungumzia kodi ya Tanzania tu. Muuzaji wa Nairobi naye alilipa, au aliyemuuzia alilipa: ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa ambao kwa magari mengi ya abiria huko huanzia asilimia 20, na VAT ya asilimia 16. Sehemu ya fedha hizo bado imo ndani ya bei anayokutajia. Hakuna mtu anayeuza gari akasahau kodi aliyolilipia. Gari lililokwisha sajiliwa na kutembea barabarani halirudishiwi kodi ya Kenya kwa sababu tu limevuka kwenda kwa jirani. Ubaya zaidi ni kwamba kanuni za kuthaminisha huanzia kwenye bei uliyolipa pamoja na gharama za kulifikisha, kwa hiyo kodi ya Kenya iliyojificha ndani ya bei hiyo inaweza nayo kutozwa kodi ya Tanzania. Wajanja hujibu kwamba wataandika bei ndogo kwenye mkataba wa mauziano. Afisa asiporidhika na mkataba hugeukia kumbukumbu za thamani za magari yaliyotumika, zile zile zinazolisha kikokotoo ambacho Mamlaka ya Mapato imekiweka mtandaoni, na karatasi yako inabaki ushahidi wa kukuumbua tu.

Kuna pingamizi zito zaidi ya ujanja huo, na linastahili kujibiwa kwa heshima. Watu husema: Itifaki ya Soko la Pamoja imekuwa na nguvu tangu Julai 2010, ushuru wa forodha wa nje ni wa pamoja, gari limeshaulipa Mombasa, iweje liulipe tena kilomita mia chache baadaye? Kwa mantiki ya umoja wa forodha uliokamilika, hoja hiyo ni sahihi. Kitu kilicholipiwa kwenye mlango wa kwanza kingepaswa kutembea huru ndani ya nyumba nzima. Lakini nyumba yetu haijafikia huko. Hakuna mfuko mmoja wa mapato ya forodha. Kila nchi inakusanya na kula chake. Hata Himaya Moja ya Forodha, iliyoanza 2014, imejengwa juu ya msingi huo: gari la Kampala linaloteremshwa Mombasa hulipiwa kodi za Uganda, kwa Uganda. Ushuru uliolipwa kwa matumizi ya Kenya uko kwenye hazina ya Kenya, na Tanzania haikuona hata senti. Hata kama kesho mawaziri wangekubaliana kutambua ushuru huo, wangekuwa wamegusa ile asilimia 25 tu katika mfano wetu. Ushuru wa bidhaa, uchakavu na VAT si sehemu ya ushuru wa pamoja. Ni kodi za ndani ambazo kila bunge hupanga lenyewe. Ndiyo maana pia viwango hubadilika kila Julai Mosi baada ya bajeti, na mtu anayetumia hesabu ya rafiki yake wa mwaka juzi anajitafutia mshtuko.

Kwa anayetoka upande wa pili, aliyeko Nairobi au Mombasa na kuona gari zuri Dar es Salaam, habari ni fupi na mbaya zaidi. Tanzania haijaweka ukomo wa umri, inatoza tu, hivyo barabara zake zina magari mengi ya miaka 15 na zaidi. Kenya hailitozi gari la namna hiyo, inalikataa. Mwaka 2025, kwa mfano, kizingiti kilikuwa magari yaliyosajiliwa kwa mara ya kwanza kuanzia Januari 2018. Kuingia kwa mpaka wa Lunga Lunga badala ya bandari ya Mombasa hakubadilishi kiwango.

Wapo wanaosema basi wasilisajili kabisa: waliache na namba za Kenya, wachukue kibali cha muda mpakani, wakikaribia mwisho wavuke na kurudi. Kibali hicho kipo kihalali, na bima ya kadi ya njano ya COMESA, ambayo Tanzania inashiriki ingawa ilijitoa COMESA mwaka 2000, hulikinga gari la mgeni likiwa ugenini. Neno zito hapo ni mgeni. Kibali ni cha anayepita au anayetembelea, kwa gari litakalorudi lilikotoka. Mkazi wa Moshi anayelipeleka gari kazini kila asubuhi si mgeni, na gari alilolinunua abaki nalo halirudi popote. Muda ukipita, au ikithibitika kwamba matumizi si yale yaliyotangazwa, linakuwa gari lisilolipiwa ushuru. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004, anayekutwa na mali anayojua haijalipiwa ushuru anaweza kufungwa hadi miaka mitano, au kutozwa faini ya nusu ya thamani yake inayotozwa kodi, au vyote viwili, na mali yenyewe kutaifishwa. Hata asipokamatwa, ana gari asiloweza kuliuza kihalali wala kuliandikisha kwa jina la mtoto.

Hatari hiyo hiyo ndiyo iliyomo kwenye magari ya IT, yaani ya kupita tu, yale yanayoendeshwa kutoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Tunduma na mbele, Zambia na Kongo. Hayo hayana kodi ndani ya bei, na ndiyo maana mtu akikuuzia njiani bei yake inakushangaza. Yanasafiri chini ya dhamana ya wakala, ambayo hufungwa pale tu gari linapothibitika limetoka nje ya nchi. Lisipotoka, Mamlaka hudai dhamana, wakala humtafuta dereva, na polisi humtafuta mwenye gari. Sina huruma sana na mnunuzi wa namna hiyo, bei ilishamwambia.

Hoja yangu haigusi kila kitu chenye magurudumu. Pikapu na malori ya kazi hutendewa kwa upole zaidi, kwani uchakavu wake, yakipita miaka 10, umekuwa asilimia 5 na si 30. Mfanyabiashara anayepata lori lililotunzwa vizuri Mombasa anaweza kuwa na sababu ya kupiga hesabu. Kuna pia anayehamia nchini. Jedwali la Tano la sheria ile ya forodha linamsamehe mtu anayehama kwa dhati gari moja alilolimiliki na kulitumia mwenyewe kwa angalau miezi 12. Lakini soma kwa makini: matumizi hayo yanatajwa kuwa nje ya nchi mwanachama. Msamaha huu uliandikwa kwa anayerudi kutoka Uingereza au Oman, na anayehama kutoka Nairobi kwenda Arusha na gari lake la Kenya asijihesabie msamaha kabla hajapata jibu la maandishi.

Kwa aliyesoma yote haya na bado anataka gari la Nairobi, mpangilio wa hatua ni muhimu kuliko wakala atakayemchagua. Kabla ya kutoa hata malipo ya awali, pata mwaka wa kutengenezwa, si wa kusajiliwa, na uingize kwenye kikokotoo cha Mamlaka. Usiutafute kwenye namba ya chesi: magari ya soko la ndani la Japani hayana ile namba ndefu ya herufi na tarakimu 17 inayotumika kwingineko, yana kifupisho cha muundo, kistari, kisha tarakimu za mfuatano, na humo mwaka hauonekani. Namba hiyo ina kazi nyingine, kuthibitisha kwamba gari ndilo lililo kwenye karatasi. Fungua boneti. Kwenye Toyota nyingi namba imegongwa kwenye bati linalotenganisha injini na chumba cha abiria. Pitisha kidole: herufi ziwe na kina sawa, rangi inayozizunguka iwe ya zamani sawa na bati lenyewe, pasiwe na mikwaruzo ya tupa wala rangi mpya katikati ya vumbi. Linganisha na logibuku, tarakimu kwa tarakimu. Kisha muuzaji aombe gari lifutwe kwenye rejesta ya Kenya, wewe ukiwa hujamaliza kulipa, kwa sababu gari ambalo bado liko hai kwenye rejesta ya Kenya litakuletea maswali Namanga, na muuzaji aliyekwisha pokea fedha zote hana haraka ya kukusaidia kuyajibu.