Wanyama Wasiokuwapo, Waliozaliwa kwa Kisu na Wino

Katika kila nyumba yenye watoto hufika jioni ambapo mtu mzima hulazimika kumtaja mnyama asiyekuwapo duniani, ili mtoto asiende mtoni peke yake. Huko Japani wanyama wa namna hiyo walipewa sura kwa kisu, ubao na wino.

Mnamo mwaka 1776, katika mji wa Edo, ambao leo ni Tokyo, mchoraji Toriyama Sekien alitoa kitabu cha viumbe hao. Alikuwamo kappa, mkazi wa mtoni mwenye kimo cha mtoto, gamba mgongoni na kisahani cha maji utosini. Husemwa kwamba ukimwinamia kwa heshima naye huinama. Maji yakimwagika, nguvu humwishia. (Adabu nayo ni silaha!) Alikuwamo pia paka mzee ambaye mkia wake umepasuka pande mbili, akisimama kwa miguu ya nyuma na kitambaa kichwani.

Kazi ya kuchapa picha za namna hii ilipita mikono mingi. Mchoraji alichora kwa brashi juu ya karatasi nyembamba. Mchongaji akaibandika kifudifudi kwa gundi juu ya ubao wa mcheri, mistari ikaonekana kwa nyuma. Ndipo alipokata kandokando ya kila mstari kwa kisu, na kuondoa kwa patasi mahali pote palipotakiwa kubaki peupe. Ndugu msomaji, zingatia jambo hili: mchoro wa asili uliangamia papo hapo chini ya kisu. Unywele mmoja wa paka ulikuwa ukuta mwembamba wa mti, uliosimama peke yake. Ulipovunjika, ilibidi kuchimba mahali pale, kupachika kipande kingine cha mti na kuchonga upya.

Kisha mchapaji akaupaka ubao wino wa masizi, akalaza karatasi juu yake na kuisugua kwa kisugulio kilichofunikwa kwa ganda la mwanzi. Picha ikatoka ikielekea upande ule ule alioukusudia mchoraji. Sifa humwendea Sekien. Lakini kwa maoni yangu nusu yake ni ya mtu wa patasi.

Viumbe hao hawakufa pamoja na mbao. Katika karne ya 20, mtoto mmoja wa mji wa Sakaiminato alisimuliwa habari zao na bibi mmoja aliyeijua nyumba yao. Mtoto huyo, Mizuki Shigeru, alipokua akawa askari, akapelekwa Rabaul katika kisiwa cha New Britain. Huko mwaka 1944, akiwa mgonjwa wa malaria, alipoteza mkono wake wa kushoto katika shambulio la ndege. Alirudi nyumbani na mkono mmoja, akashika kalamu ya wino. Akizitumia pia picha za kale za Sekien, akawachora viumbe wale kwa vitabu vya watoto hata vizazi vipya vikawajua kwa majina.

Mizuki alifariki mwaka 2015, akiwa na umri wa miaka 93. Mjini Sakaiminato, kuanzia stesheni ya treni, sanamu za shaba za viumbe hao zimepangwa kando ya njia. Kappa naye yumo.