Kepteni James Speirs

James Speirs alizaliwa Glasgow, mji mkubwa wa Uskoti, mwaka 1886. Katika ujana wake alicheza mpira katika timu ya Rangers, kisha Clyde, na mwaka 1908 alichaguliwa kuichezea nchi yake. Mwaka 1909 alihamia Bradford City katika Uingereza, na baadaye akafanywa kepteni.

Kepteni ni mtu gani? Mtoto wa Tabora ataelewa upesi akikumbuka misafara ya kale iliyokwenda Bagamoyo. Kila msafara ulikuwa na kirangozi, naye alitangulia mbele, na wapagazi wakamfuata. Kirangozi akikosa njia, wote walipotea. Akiwa hodari, wote walipata moyo. Ndivyo alivyo kepteni uwanjani.

Mwaka 1911 Bradford City ilishindana na Newcastle United kugombea Kikombe cha Uingereza. Siku ya kwanza halikupatikana goli hata moja. Kwa hiyo walirudiana Manchester, tarehe 26 Aprili, na Speirs akatia goli la pekee lililowapa ushindi. Kikombe kile kilikuwa kipya, kimefanyizwa na mafundi wa Bradford wenyewe, na Speirs alikuwa kepteni wa kwanza kukipokea.

Mwaka 1914 vita vikuu vikatokea. Speirs alikuwa na mke na watoto wawili, na kazi yenye sifa. Walakini mwaka 1915 alijiandikisha kwa hiari yake kuwa askari. Akapanda hata cheo cha sajini, na mwaka 1917 akapewa nishani ya ushujaa. Tarehe 20 Agosti mwaka huo aliuawa vitani katika Ubelgiji, naye ana miaka 31. Kaburi lake liko huko, na jina lake limechongwa katika jiwe.

Vita hivyo hivyo vilifika Tabora. Tarehe 19 Septemba 1916 askari wa Kongo, chini ya maofisa wa Kibelgiji, waliuteka mji. Pamoja na majeshi ya pande zote walikwenda wapagazi, wamejitwika chakula na risasi. Wengi walichukuliwa kwa nguvu. Maelfu walikufa kwa njaa na maradhi, wala hawana kaburi lenye jina. Basi asomaye habari za kepteni huyu na awakumbuke na hao pia, maana mjane wa mpagazi alilia sawasawa na mjane wa Speirs.