AMPULE YA LED: UMBO GANI, KIPIMO GANI?



Katika namba hii, sisi wa mwaka wa tano, sekcheni ya sayansi, tunapenda kuwaeleza jambo moja lililotukulia feza na kutunyima masomo ya jioni siku nne nzima. Jambo lenyewe ni ampule. Pengine mtacheka na kusema: "Ampule nayo ni somo?" Ngojeni kwanza, tuwaeleze namna ilivyokuwa.

Ampule za chumba chetu cha masomo ziliungua, na wakubwa wetu wa mwaka wa sita walikuwa wanajitayarisha kwa mtihani wa Serikali. Tukachanga franga, kila mtu kidogo kidogo, tukatuma wenzetu wawili sokoni. Wakarudi na ampule nne za LED, nzuri, nyeupe, zilizotoka ng'ambo ya ziwa. Kufika kwenye duiye, hakuna hata moja iliyoingia. Shingo zake zilikuwa laini, na vijiti viwili pembeni. Muuzaji akakubali kubadilisha mbili. Safari hii shingo iliingia vizuri, tukafurahi. Tulipowasha ya kwanza, pa! Moshi, halafu giza. Ilikuwa ampule ya volti 12, ya panneau ya jua. Kosa ni letu wenyewe: hatukusoma maandishi yaliyo juu yake.

Basi tulimwendea mwalimu wetu wa fizika, akatufundisha. Haya ndiyo tuliyojifunza. Tunayaandika ili mwingine asipoteze feza kama sisi.

1. TAZAMA SHINGO KWANZA

Mtu anayenunua kiatu anapima mguu. Anayenunua ampule apime duiye, ni kusema nyumba ile ampule inaingia ndani. Hapa Kalemie kuko aina mbili zinazotuchanganya, na sababu iko katika historia. Wabelgiji walituletea ampule za visi, zile za kuzungusha. Waingereza walipeleka Tanganyika, ambayo leo ni Tanzania, ampule za bayoneti: unasukuma, unapindua kidogo, inashika. Sasa mashua na meli zinavuka kati ya Kigoma na Kalemie, na vitu vya pande mbili vinalala juu ya meza moja ya soko. Ampule haina kosa, inatafuta nyumba yake tu.

Alama zake ni hizi:

E27: visi kubwa, upana wa milimita 27. Ni ile ya nyumba nyingi za kwetu. Herufi E inatoka kwa jina la Edison, Mmarekani aliyeieneza visi hii.

E14: visi ndogo, upana wa milimita 14. Ni ya taa ndogo za meza na za ukutani.

B22: bayoneti, upana wa milimita 22, na vijiti viwili pembeni. Ndiyo iliyotushinda siku ya kwanza.

GU10: miguu miwili mifupi yenye vichwa vinene. Umbali kati ya miguu ni milimita 10. Ni ya taa za kufichwa ndani ya plafo.

Kama hujui alama, fanya hivi: zima moto, toa ampule iliyokufa, uichukue mkononi mpaka sokoni. Hiyo ni dawa inayopita maneno yote.

2. SHINGO MOJA, VOLTI MBILI

Hapa ndipo hatari iko. Umeme wa nyumba zetu, ule unaotoka kwa maji ya Bendera, ni wa volti 220. Batri ya panneau mara nyingi ni ya volti 12. Lakini viwanda vinatengeneza ampule za volti 12 zenye shingo ileile ya E27! Ukiweka ya volti 12 kwenye moto ya 220, inakufa palepale, na inaweza kupasuka. Ukiweka ya 220 kwenye batri, haitawaka, na wewe utasema muuzaji ni mwizi, kumbe si mwizi.

Kuko na mtego mwingine. Yaya au mjomba aliye Marekani anaweza kutuma ampule kama zawadi. Kule visi yao ni E26, milimita moja pungufu, nayo inaingia katika E27 bila shida. Lakini nyingi ni za volti 120 tu. Kwa hiyo usiamini shingo peke yake, soma volti. Kama imeandikwa "220-240V", au "85-265V", ni ya nyumba yetu. Kama imeandikwa "12V" au "DC", ni ya batri.

3. UMBO: MWANGAZA UNAELEKEA WAPI?

Ampule ya zamani ilikuwa na uzi mmoja unaowaka, na mwangaza wake ulikwenda karibu pande zote. LED ni tofauti. Ndani yake kuko vipande vidogo sana vilivyobandikwa juu ya bamba, na kila kipande kinatupa mwangaza mbele yake. Upande wa shingo unabaki na giza. Njo maana umbo si urembo tu, ni njia ya mwangaza.

A ni umbo la peya, lile tunalolijua wote. Ikining'inia shingo juu, inamwaga mwangaza chini na pembeni. Inafaa sebuleni, jikoni na darasani.

G ni ya mviringo kama mpira. Inafaa mahali ampule inaonekana wazi, bila kofia.

C ni kama mshumaa, mara nyingi yenye shingo ya E14.

R ni yenye kioo cha kurudisha mwangaza mbele. Hiyo na GU10 zinapiga mahali pamoja kama tochi. Ukiweka moja tu katikati ya chumba kikubwa, utapata duara la mwangaza chini na giza pembeni.

Ya mahindi, jinsi watu wanavyoiita, iko na vipande vya LED kuzunguka mwili wote. Inafaa kama duiye imelala ubavu.

T ni tiyubu, ndefu. Inafaa darasa, ofisi na dispensari, kwa sababu inatandaza mwangaza na vivuli vinapungua.

4. NAMBA BAADA YA HERUFI

Namba inayofuata herufi ni upana wa tumbo la ampule. A60 ni peya yenye upana wa milimita 60. G95 ni mpira wa milimita 95. Lakini angalia: namba za tiyubu, na zile za ampule za Marekani, zinahesabiwa kwa sehemu ya nane ya inchi. T8 ni nane juu ya nane, ni kusema inchi moja, karibu milimita 26. T5 ni karibu milimita 16. A19 ya Marekani ni 19 juu ya 8, nayo ni sawasawa na A60 yetu. Usishangae basi kuona A19 na A60 zikilingana mkononi.

Upana una maana gani? Kwanza, ampule iingie ndani ya kofia ya taa bila kugusa. Pili, ipate hewa. Watu wanasema LED haina joto. Si kweli kabisa. Joto lake ni dogo, lakini linakimbilia shingoni, mahali palipo na mashine ndogo ya kugeuza umeme. Ukiifungia katika kioo kisicho na tundu, mashine hiyo inapikwa polepole, na ampule iliyoahidiwa miaka mingi inakufa mapema.

Kwa tiyubu, pima pia urefu: sentimita 60, 120 au 150. Na tiyubu ya LED usiiweke mwenyewe mahali pa tiyubu ya zamani. Nyingine zinapokea umeme upande mmoja, nyingine pande mbili, na mara nyingine inabidi kubadilisha nyuzi. Mwite fundi wa umeme. Ile ya zamani usiivunje, ndani yake kuko zebaki, nayo ni sumu.

5. USIULIZE WATI, UULIZE LUMENI

Wazee wetu walizoea kusema: "Nipe ya 60." Wati si mwangaza. Wati ni umeme unaoliwa. Mwangaza unapimwa kwa lumeni. Ampule ya zamani ya wati 60 ilitoa lumeni 700 mpaka 800. LED nzuri ya wati 9 inatoa karibu lumeni 800. Ya wati 5 inatoa karibu 470, sawasawa na ya zamani ya wati 40.

Hesabu ya batri inaonyesha tofauti. Batri ya volti 12 na amperi-saa 20 inashika wati-saa 240. Tusiikaushe yote, tutumie nusu, 120. Ampule ya zamani ya wati 60 ingewaka saa 2. LED ya wati 9 inawaka saa 13. Ya wati 5 inawaka saa 24. Kwa mwanafunzi wa kijijini, huo ni usiku wa kusoma tano au sita.

Rangi nayo imeandikwa. 2700K ni ya njano kama ya mshumaa, inafaa kupumzika. 6500K ni nyeupe yenye kuelekea bluu. 4000K iko katikati, nasi tunaipenda kwa kusoma.

Mwangaza mweupe huu haukupatikana upesi. LED nyekundu ilionekana mwaka 1962, lakini ya bluu yenye nguvu ilikawia mpaka miaka ya 1990, na bila bluu hakuna nyeupe. Wajapani watatu waliofanya kazi hiyo, Akasaki, Amano na Nakamura, walipewa Zawadi ya Nobel ya fizika mwaka 2014.

6. HESABU YA CHUMBA CHETU

Sasa turudi kwa shida yetu. Tulipata mwishowe ampule nne: E27, A60, volti 220, lumeni 800. Ziliwaka, asante! Lakini zilikuwa juu kwenye plafo, na wa nyuma bado walikuwa wanainama kama wanatafuta sindano.

Mwalimu akatuambia: "Hesabuni." Chumba chetu ni mita 8 kwa mita 7, ni kusema mita za mraba 56. Tuseme nusu ya mwangaza inafika mezani, nusu inapotea kwa kuta na plafo. Ampule nne zinatoa lumeni 1600 zenye faida. Ukizigawanya kwa 56, unapata karibu 29 kwa kila mita ya mraba. Kipimo hicho kinaitwa luksi. Darasa linashauriwa kuwa na luksi karibu 300. Tulikuwa chini ya sehemu ya kumi!

Hatukuwa na feza ya ampule arobaini. Ndipo mmoja wetu, mtoto wa mvuvi, akasema: "Mbona baba yangu hawashi taa yake mbinguni?" Tukanyamaza, kisha tukaelewa. Usiku usio na mwezi, ukisimama pwani unaona taa za wavuvi ziwani kama mji mwingine. Zamani zilikuwa taa za petroli za kupiga pampu, leo wengi wako na LED za batri. Taa hizo zinaning'inizwa karibu na maji, mwangaza unashuka kwa ndagala. Hakuna anayeangazia nyota.

Basi tulimwomba fundi wa shule. Alizima moto, akashusha duiye nne mpaka karibu sentimita 80 juu ya meza, na juu ya kila moja akafunga kofia ya bati iliyopakwa rangi nyeupe ndani, wazi juu ili joto litoke. Tukasogeza meza, tukaunda meza nne kubwa za mita 2 kwa mita 1 na nusu, wanafunzi wanane kwa kila moja. Hesabu mpya: lumeni 400 kwa mita za mraba 3, karibu luksi 133. Ampule ni zilezile, umeme ni uleule, lakini mwangaza wa kitabu ni zaidi ya mara nne. Haijafika 300, lakini wakubwa wetu walisoma.

KWA KUMALIZA

Ukienda sokoni, uulize maneno matano kwa taratibu hii: shingo gani? volti ngapi? umbo gani? upana gani? lumeni ngapi? Bei iwe neno la sita. Sisi tulianza na la sita, tukalipa mara mbili.

Muuzaji akikuambia, "Mutoto, zote ni moja," mwambie kwa heshima: "Papa, nionyeshe maandishi." Kama iko na moto pale, aijaribu mbele yako.

Anayetaka kupima duiye ya nyumbani kwao, tuko na rula ya kipimo cha milimita katika darasa letu. Karibuni kila siku ya nne, saa ya mapumziko.

Wanafunzi wa mwaka wa tano, sayansi.