KUBADILISHA AMORTISERE NYUMBANI: IACHE MOTOKARI JUU YA MAGURUDUMU YAKE



Kazini hakuna anayekubaliwa kupita chini ya mzigo unaoning'inia. Kila mtu anajua hivyo, hata kijana aliyeanza kazi juma lililopita. Lakini Jumapili, katika uwanja wa nyumba, mtu yuleyule analala chali chini ya pikapu iliyoinuliwa kwa kriki moja, na matofali mawili pembeni. Uzito wa pikapu haujui kama leo ni Jumapili.

Tuongee juu ya kazi moja ambayo wengi wanaifanya wenyewe: kubadilisha amortisere za nyuma za Hilux au Land Cruiser. Si kazi ngumu, na sikukatazi kuifanya. Amortisere zilizochoka ni hatari. Kwenye barabara ya udongo yenye mikunjo kama bati, gurudumu linaruka badala ya kukanyaga. Gurudumu lililo hewani halishiki breki, na katika kona sehemu ya nyuma inakimbilia pembeni. Tena mgongo wa dereva unapokea kila pigo. Anayeendesha hivyo miaka mingi atakuja kuniomba dawa ya kiuno, na dawa yangu haitengenezi motokari.

Utajuaje kama zimechoka? Watu wanabonyeza pembe ya motokari na kuangalia inavyorukaruka. Kwa pikapu tupu, yenye resori ngumu, jaribio hilo halisemi yote. Afadhali uiname uangalie: mwili wa amortisere umelowa mafuta? Mipira ya kwenye pete za juu na chini imekatika? Gurudumu limelika kwa mabonde mabonde? Hapo usingoje.

Sasa sikiliza vizuri. Amortisere haibebi uzito wa motokari. Uzito unabebwa na resori, yale mapande ya chuma yaliyopangwa moja juu ya lingine. Kazi ya amortisere ni kuituliza resori isiendelee kuruka. Kwa hiyo katika pikapu ya namna hii unaweza kutoa amortisere ya nyuma na kuweka mpya huku magurudumu yote manne yakiwa chini. Pikapu iko juu ya kutosha, mkono na ufunguo vinapita. Kwa nini basi watu wanainua? Kwa mazoea tu, kwa sababu wameona garaji wanainua.

Na kuinua ndiko kunakoua. Fikiria nati iliyoshikwa na kutu miaka kumi. Unaivuta kwa nguvu zote, unaongeza bomba kwenye ufunguo, unavuta tena. Nguvu hiyo yote inasukuma motokari pembeni. Ikiwa juu ya magurudumu yake, haijali. Ikiwa juu ya kriki, inateleza. Kriki ni ya kuinulia, si ya kushikilia. Breki ya mkono nayo inashika magurudumu ya nyuma tu. Ukiyainua hayo, haishiki kitu tena. Tofali la simenti lenye matundu linabeba vizuri mpaka dakika linapopasuka, na halitoi onyo. Na kuanzia mwezi wa 11 mpaka wa 4, wakati wa mvua, udongo wetu mwekundu unalainika. Kriki iliyosimama vizuri asubuhi imezama saa sita.

Kama gurudumu ni lazima litoke, tumia shandeli mbili za chuma chini ya eksi, mahali pagumu na pa sawa. Weka vigingi mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele. Lile gurudumu ulilotoa lilaze chini ya shasi. Kabla ya kuingia, sukuma motokari kwa bega. Ikitikisika, usiingie. Huna shandeli? Azima kwa jirani, au ngoja mwisho wa mwezi.

Ukifanya juu ya magurudumu, weka vigingi vilevile, ingiza gia, na ufunguo wa kuwashia uwe mfukoni mwako. Ni sawa na kufuli unayofunga kazini kabla ya kugusa mashine. Mtoto anayependa kucheza dereva hawezi kuwasha motokari isiyo na ufunguo. Ngoja pia bomba la moshi lipoe.

Nati zimwagie gazoili au mafuta ya kulegeza kutu tangu jana yake jioni. Mara nyingi zinafunguka kwa ufunguo namba 17 au 19. Usizichome moto. Karibu yake kuna bomba la breki na tangi, na amortisere nyingi za siku hizi zina gesi iliyobanwa ndani. Kwa sababu hiyo ya gesi, ile ya zamani usiikate kwa msumeno wala kuitupa motoni. Mpya nayo mara nyingi inakuja imefungwa kwa mkanda. Ukiukata inajinyoosha yenyewe kwa nguvu, basi uso na vidole viwe mbali. Vaa miwani ya kazi, kwani kutu yote itaanguka usoni mwako. Badilisha zote mbili za upande wa nyuma, siyo moja. Kaza nati mara ya mwisho motokari ikiwa imekaa juu ya magurudumu yake. Ukizikaza ikiwa hewani, mipira ya pete inajikunja na kukatika upesi. Baada ya siku chache za kutembea, rudi uziangalie.

Amortisere za mbele ni habari nyingine. Katika Hilux zilizotoka tangu 2005, resori ya mbele inaizunguka amortisere, nayo imebanwa kwa nguvu kubwa sana. Ile nati ya katikati juu ukiifungua bila mashine ya kubana resori, chuma kinaruka na kinaweza kuvunja taya. Peleka garaji. Hapo sitoi shauri lingine.

Mama, sehemu hii ni yako, na ya kijana mkubwa wa nyumba. Baba akiingia chini ya motokari, mmoja wenu akae karibu, mahali anapoona miguu yake. Siyo kwa kumpa vyombo tu. Mtu aliyelaliwa kifuani hawezi kuita. Mapafu yake hayana nafasi ya kufunguka, hivyo hana pumzi ya kupiga kelele. Nyumba nzima inaweza kuwa pale inapika na isisikie kitu. Baada ya dakika 4 hivi bila hewa, ubongo unaanza kuharibika.

Ikitokea, usimvute mkono wala usiingie chini yake. Piga kelele, majirani waje. Weka kriki nyingine kwenye chuma kigumu cha shasi na uinue. Kama hakuna kriki, watu wengi wainue upande mmoja, na mtu mmoja asukumie mbao kila motokari inapopanda, isirudi. Ndipo mumtoe, polepole, kichwa na shingo vikiwa katika mstari mmoja na mwili. Kama hapumui, mlaze chali mahali pagumu, weka viganja katikati ya kifua, ukandamize kwa nguvu, sentimita 5 mpaka 6, mara 100 mpaka 120 kwa dakika. Mpokezane mkichoka, mpaka apumue au mganga afike. Mbavu zikilia, endelea.

Akisimama mwenyewe na kusema hana kitu, bado ni lopitali. Damu inaweza kuvuja tumboni bila kuonekana. Na kama mguu ulibanwa muda mrefu, tuambieni ulibanwa saa ngapi na ulitolewa saa ngapi. Nyama iliyokandamizwa inaachilia vitu vinavyoziba figo na kuvuruga moyo. Mkojo wenye rangi ya chai nyeusi ni dalili ya hatari. Andikeni hizo saa hata kwa makaa ukutani.

Mambo madogo nayo tunayaona. Kutu machoni: usisugue, osha kwa maji safi mengi; kipande kikigoma kutoka, usikichokoe, njoo. Mkono uliokatika: maji na sabuni, kisha kitambaa safi. Siyo grisi, siyo mafuta ya breki, siyo unga wa makaa. Tetanosi haitoki katika kutu yenyewe, inatoka katika udongo unaoingia kwenye kidonda, na uwanja wako umejaa udongo. Sindano inaongezwa kila miaka 10, na kwa kidonda kichafu tunaweza kuiongeza mapema zaidi. Ukija dispanseri, leta karte yako ya chanjo.