Baada ya Kipimo cha Kwanza: Ubora wa Uchunguzi wa Usikivu kwa Watoto Wachanga

Mpango wa kuchunguza usikivu wa watoto wachanga mara nyingi husifiwa kwa takwimu moja, yaani idadi ya waliopimwa, ilhali takwimu hiyo, ingawa haikwepeki, ndiyo inayoeleza machache zaidi. Nchini Marekani, ambako zaidi ya asilimia 95 ya watoto hupimwa, kamati ya pamoja ya wataalamu wa usikivu wa watoto, katika tamko lake la 2007, inataka mtoto apimwe kabla ya kutimiza mwezi 1, uziwi uthibitishwe kabla ya miezi 3, na huduma, iwe shimesikio (kifaa cha kukuza sauti) au mafunzo ya lugha, ianze kabla ya miezi 6.

Kamati hiyo inataka pia watoto wanaotakiwa kurudi kwa vipimo vya kina wasifike asilimia 4. Katika watoto 1,000, wenye uziwi wa kudumu huwa 1 hadi 3, ilhali asilimia 4 ni watoto 40. Kwa hiyo wengi wa wanaoitwa tena wanasikia vizuri, na baadhi yao hawakufaulu kwa sababu tu ya majimaji ya uzazi yaliyobaki sikioni. Mpango unaowachosha wazazi kwa safari za bure huwazoesha kuupuuza wito, na theluthi moja ya watoto hao isiporudi, huenda yule kiziwi yumo humo. Hapo ndipo mipango huvuja, hata katika nchi tajiri.

Kulinganisha nchi na nchi kunahitaji tahadhari zaidi, kwa kuwa vipimo vinavyotumika si vya aina moja. Kipimo kinachonasa mwangwi wa sikio la ndani hakigusi neva ya usikivu, hivyo mtoto mwenye hitilafu ya neva hukipita, tofauti na kile kinachosoma umeme wa neva na shina la ubongo.

Kadhalika, asilimia ya waliopimwa hospitalini haina uzito pale ambapo watoto wengi huzaliwa kwingineko. Ndiyo maana mjini Lagos, Nigeria, watafiti waliwapima watoto katika kliniki za chanjo ya kifua kikuu, na kwa kuwa mama hutarajiwa kurudi kwa chanjo za wiki ya 6, 10 na 14, tarehe ya kurudia kipimo inaweza kuandikwa kwenye kadi ileile anayoitunza.